Schnittke: Kibarua Kilichozaa Muziki

Kuna swali linalomkosesha usingizi kila anayeishi kwa kalamu: je, kazi ya tumbo huiua kazi ya moyo? Alfred Schnittke aliishi na swali hilo miaka mingi, na jibu lake bado linanishangaza.

Alizaliwa mwaka 1934 mjini Engels, kando ya mto Volga. Mama alikuwa Mjerumani wa Volga, baba Myahudi. Muziki alianza kujifunza Vienna baada ya vita, baba yake alipokuwa akifanya kazi huko katika gazeti la jeshi la Kisovieti. Baadaye alisoma na kufundisha Konsavatori ya Moscow. Ila wakubwa hawakuupenda muziki wake. Simfoni yake ya Kwanza ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1974 mjini Gorky, mbali na Moscow.

Filamu ndizo zilizomlisha. Aliziandikia muziki zaidi ya 60.

Ungetegemea alalamike, sivyo? Kumbe kibarua hicho kilikuwa shule. Filamu moja huweza kudai gwaride la kijeshi, dansi ya kizamani na wimbo wa kanisani, vyote kwa dakika chache. Schnittke akauhamishia mchanganyiko huo kwenye ukumbi wa tamasha.

Mfano mzuri ni Agoniya, filamu ya Elem Klimov kuhusu Rasputin. Humo Schnittke aliweka tango (dansi, si lile la kachumbari). Filamu ikazuiwa, Wasovieti wa kawaida hawakuiona hadi 1985. Lakini mwaka 1977 tango hilo lilikuwa tayari limetokea kwingine, ndani ya Concerto Grosso Nambari 1, likichezwa na hapsikodi, kinanda cha kale kuliko piano. Yaani picha ilifungiwa kabatini, sauti yake ikapenya mlangoni!

Mwaka 1985 alipata kiharusi kibaya, na hakikuwa cha mwisho. Hakuacha. Simfoni ya Tisa aliiandika kwa mkono wa kushoto. Alifariki Hamburg mwaka 1998, akazikwa Moscow.

Juu ya kaburi lake imechongwa alama ya kimya, ile inayomwamuru mpigaji anyamaze. Juu yake kuna alama ya kurefusha, na chini herufi tatu: fff. Maana yake, kimya hicho kipigwe kwa nguvu zote.

Mtu aliyeandika kwa ajili ya mkate anastahili kusikilizwa hata hapo.