Artemisia shambani: ukiona maua yamefunguka, umekawia

Mbegu ya artemisia ni ndogo kupita punje ya chumvi. Gramu moja tu iko na mbegu zaidi ya 10,000. Ndiyo maana mtu ananunua kasasheti kadogo, anakamwaga shambani kama anavyomwaga lengalenga, na baada ya mwezi haoni kitu. Anasema ameuziwa mbegu mbovu. Mara nyingi mbegu ilikuwa nzuri: mvua imeibeba, ama imezikwa chini ya udongo, na yenyewe inataka mwangaza ili iote.

Katika majimbo yetu ya mashariki huu mmea unajulikana sana kwa jina. Uko kwenye parsele za watu, uko sokoni ndani ya vifuko vya majani makavu, uko midomoni mwa kila anayezungumza juu ya palu. Namna ya kuulima vizuri inajulikana kidogo zaidi, na yale ambayo majani yake hayawezi kufanya yanajulikana kidogo kabisa. Tutazungumza yote mawili.

Kuna artemisia mbili

Kabla ya kununua mbegu, jua unatafuta gani. Ya kwanza ni artemisia annua. Asili yake ni Asia, na Wachina wameitumia kama dawa ya homa tangu zamani sana. Ni mmea wa msimu mmoja: inaota, inapanda juu mpaka mita mbili na zaidi, inatoa maua, inazaa mbegu na kufa. Majani yake ni ya kijani chepesi, yamekatikakatika kama ya karoti, na ukiyasugua kwenye vidole yanatoa harufu kali yenye utamu kidogo. Hii ndiyo yenye artemisinine, ile dawa ambayo viwanda vinaitafuta.

Ya pili ni artemisia afra. Hiyo ni ya kwetu Afrika, inajiotea kwenye milima tangu Ethiopia mpaka Afrika ya Kusini. Inaishi miaka mingi, shina lake linakuwa gumu kama mti, majani yana rangi ya majivu upande wa chini. Hiyo unaweza kuipanda kwa kukata tawi na kulichomeka. Lakini artemisinine haina, ama iko na alama tu. Sokoni zote mbili zinauzwaka kwa jina moja, "artemisia," na muuzaji mwenyewe pengine hajui anauza gani. Katika makala hii tunazungumza juu ya annua.

Saa ya mmea ni jua

Huu mmea unahesabu urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, unaongeza majani. Mchana ukishuka chini ya saa 13 na nusu hivi, unaamini msimu umeisha na unaanza kutengeneza maua. Kule China ama Ulaya hiyo inatokea baada ya kiangazi chao, wakati mmea umekwisha kuwa mkubwa.

Sasa fikiri hapa kwetu. Mstari wa Ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Mwaka mzima mchana wetu ni saa 12, na tofauti ya dakika chache tu mpaka Uvira. Kwa artemisia kutoka nchi za baridi, kila siku ya Kivu ni siku ya kutoa maua. Unaipanda, inafika kwenye goti, inachanua, imekwisha. Umepata fimbo yenye majani machache.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye kuuza mbegu si bei. Muulize: hii ni ya kuchelewa kutoa maua, iliyochaguliwa kwa nchi za joto? Ziko aina za namna hiyo. Na usitegemee kwamba mbegu utakayovuna mwenyewe itakuwa sawa na ya kwanza. Artemisia inachanganya poleni na majirani kwa njia ya upepo na wadudu, na kama mbegu yako ilikuwa ibridi, watoto hawatafanana na mama. Wengine watachelewa kutoa maua, wengine watawahi. Ukitaka kujaribu, chagua miti iliyochelewa zaidi kuchanua na uchukue mbegu kwa hiyo tu.

Mwinuko nao unasaidia. Inapendaka juu ya mita 1,000, na Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, zote ziko juu ya hapo. Kwenye joto la Bonde la Ruzizi inasumbua zaidi.

Kitalu

Usipande moja kwa moja shambani. Tafuta beseni la zamani ama kisanduku cha mbao, toboa chini ili maji yatoke. Changanya udongo mweusi na mchanga na mbolea ya samadi iliyooza kabisa, halafu chekecha mpaka iwe laini. Lowesha kwanza, kabla ya mbegu. Changanya mbegu na mchanga mkavu au majivu makavu ili mkono usiimwage yote pahali pamoja, tawanya juu, kandamiza kidogo na kiganja. Usifunike na udongo. Maji usimwage na arozwari yenye matundu makubwa, juu yatafukua kila kitu. Weka beseni ndani ya maji machache, udongo utayanyonya kutoka chini, ama nyunyiza na chupa ya plastiki uliyotoboa kifuniko kwa sindano.

Kati ya siku 5 na 10 utaona vitu vya kijani kama vumbi. Wiki za kwanza zinachosha roho: haviongezeki. Usivipe maji mengi kwa kuvihurumia. Hapo ndipo vinapooza shina na kulala chini, vyote, kwa siku mbili. Kivuli chepesi, udongo wenye unyevu bila tope, hiyo inatosha. Vikiwa na majani manne hivi, hamisha kila kimoja ndani ya sasheti yake ama kikombe cha majani ya mgomba. Baada ya wiki 6 mpaka 8 tangu kupanda, vikifika sentimeta 10 au 15, vinaweza kwenda shambani.

Shambani

Nafasi ni mita moja kwa mita moja, yaani miche 10,000 kwa hekta. Kwa mtu mwenye parsele ndogo, sentimeta 60 inakubalika, lakini miti itabanana na majani ya chini yataanguka. Udongo usiwe wa kusimamisha maji. Ule wa volkeno wa Goma unafaa, ule wa mfinyanzi wa Bukavu unataka matuta ya juu na samadi ya kutosha. Palilia miezi miwili ya kwanza. Baadaye mmea unajitetea wenyewe kwa kivuli chake.

Kuhusu msimu, wengi wanapanda Mwezi wa Tisa, pamoja na msimu A. Mimi naona kwa upande wa Kivu ya kusini na Goma msimu B una faida kubwa zaidi: kitalu Mwezi wa Kumi na Mbili, shamba Mwezi wa Pili, na mavuno yanaangukia Mwezi wa Sita, wakati mvua imekatika. Ukivuna katikati ya mvua, majani yataoza mikononi. Beni na Bunia mvua ziko na kalenda yake, mkulima wa pale ahesabu nyuma kutoka wakati wake wa jua.

Kuvuna na kukausha

Artemisinine iko ndani ya vifuko vidogo sana juu ya jani, na inafika kiasi kikubwa wakati mmea unajitayarisha kuchanua. Vitufe vidogo vinapoanza kuonekana kwenye ncha za matawi, ndiyo wakati wa kukata. Maua yakifunguka (ni madogo, ya njano, yanaangalia chini) ubora unaanza kushuka, tena poleni yake inawasha pua na macho ya watu wengi. Pita shambani kila siku tatu kuanzia mwezi wa tatu wa shamba, juu miti haitafika wakati mmoja.

Kata asubuhi baada ya umande kuisha. Tundika matawi ama uyatandaze juu ya shitingi safi, kivulini, mahali penye upepo. Si karibu na moto wa jikoni: jani linakamata moshi. Si kwenye rundo: ndani litapata joto na kuwa jeusi. Likivunjika kwa kelele mkononi limekauka. Hapo gonga matawi, majani yaanguke, chekecha, tupa vijiti. Weka ndani ya mfuko wa karatasi ngumu au saki safi, gizani, juu ya ubao, andika tarehe. Jani zuri linabaki kijani na harufu yake. Likiwa la kahawia na linanuka kama majani ya zamani, hata usiliuze.

Na soko? Bukavu inajua biashara ya mmea wa dawa tangu zamani, kwa njia ya kenkina, mti ambao ganda lake linatoa kwinini. Kiwanda hakinunui ganda kwa macho, kinapima kiasi cha dawa ndani yake. Kwa artemisia ni vile vile: jani moja linaweza kuwa na artemisinine kidogo sana, jirani yake mara kumi zaidi, na kwa macho yanafanana. Kwa hiyo usilime hekta kwa kutegemea soko la kusikia. Tafuta kwanza mnunuzi, ajue aina gani anataka na nani atapima.

Je, chai yake inaponyesha palu?

Hili ndilo swali ambalo watu wanaulizaka kuliko yote, na linataka jibu la wazi.

Dawa iliyo ndani ya huu mmea ni ya kweli. Mwaka 1972 timu ya mwanasayansi wa China, mama Tu Youyou, ilifaulu kutenga artemisinine, na mwaka 2015 alipewa Zawadi ya Nobel. Vidonge vya palu vinavyotolewa kwenye kituo cha afya, artesunate-amodiaquine au artemether-lumefantrine, na sindano ya artesunate kwa mgonjwa aliyezidiwa, vyote vinatoka kwenye hiyo artemisinine.

Lakini artemisinine haipendi maji. Inayeyuka kidogo sana, na moto mkali unaiharibu. Mama Tu mwenyewe alishindwa kwa njia ya kuchemsha, akafaulu alipotumia etha kwenye joto la chini. Katika kikombe cha chai hakuna anayejua kiasi gani kimeingia. Tena ikiingia mwilini inatoka baada ya saa chache. Kidonge cha kituo kimeongezwa dawa ya pili inayokaa siku nyingi ili kumaliza vijidudu vinavyobaki. Chai haina huyo mwenzake. Hapo ndipo udanganyifu unaingia: homa inashuka, mtoto anacheza, mzazi anashukuru, na vijidudu vichache vilivyobaki vinaanza tena kuzaana kwenye damu. Siku ya kurudi homa, mtoto amekwisha kupungukiwa damu.

Watu wengine watakumbusha utafiti uliofanyika Maniema mwaka 2015, uliosema chai ilishinda vidonge. Ulitangazwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2019. Baadaye jarida lenyewe liliuondoa. Na OMS mwaka 2019 ilisema haiungi mkono majani ya artemisia kwa namna yoyote, chai, unga au kapsuli, si kwa kutibu palu, si kwa kuizuia.

Hofu yao nyingine inatuhusu sisi zaidi. Kijidudu kinachopigwa na dawa kidogo kidogo kinaweza kujifunza kuvumilia. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda vijidudu vyenye kuvumilia artemisinine vimepatikana, na mwaka 2021 ikawa Uganda. Haikusemwa kwamba chai ndiyo iliyoleta. Ila hao ni majirani zetu wa mpakani, na RDC ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa palu, baada ya Nigeria. Hii dawa ikichoka, nyingine ya nguvu hiyo haipo tayari kwenye farmasi.

Kwa hiyo mtoto akiwa na homa, apelekwe kituoni apimwe TDR siku ile ile, na dawa inywewe siku zote 3 hata akipona siku ya kwanza. Akishtukashtuka na kukaza mwili, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilala bila kuamka vizuri, viganja vikiwa vyeupe, usingoje asubuhi. Mama mwenye mimba asinywe hii chai, hasa miezi 3 ya kwanza. Na kama mgonjwa amekwisha kunywa artemisia kabla ya kufika, usione haya: mwambie infirmiye ni majani gani, vikombe vingapi na tangu siku gani, juu yaweza kuificha homa na kupunguza vijidudu kwenye damu mpaka kipimo kikose kuviona.