Hans Christian Andersen: mutoto wa mama mwenye kufula nguo

Hadisi za "Mutoto wa Bata Mubaya" na "Nguo Mpya za Mufalme" zimefika karibu kila pembe ya dunia. Kuko wanaozisoma ku masomo, na wengine wameziona tu mu filamu. Mwenye kuziandika, Hans Christian Andersen wa inchi ya Denmark, alikuwa mutu anayepokelewa na wafalme. Lakini maisha yake hayakukuwa ya raha. Mambo mengi yenye iko mu zile hadisi yalitoka mu taabu yake mwenyewe, na mu taabu ya mama yake.

Utoto mu umaskini

Andersen alizaliwa tarehe 2 mwezi wa ine 1805, mu muji wa Odense. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, maskini lakini mwenye kupenda vitabu. Mangaribi alikuwa anamusomea mutoto hadisi. Mama yake, Anne Marie Andersdatter, hakujua muzuri kusoma. Alikuwa anafula nguo za watu kwenye muto, akisimama mu maji hata wakati wa baridi kali. Mbele ya kuolewa alikuwa amekwisha kuzaa binti, Karen Marie, na Andersen alimuonea haya dada huyo hata wakati alikuwa mukubwa.

Nkambo yake, baba wa baba, alikuwa na ugonjwa wa akili. Watoto wa muji walimufuata kwenye barabara wakimuchekelea. Siku moja Andersen alipoona vile, alikimbia kujificha. Tangu pale aliogopa kwamba na yeye siku moja atapoteza akili.

Mu 1812 baba aliingia mu jeshi, akitumaini feza. Alirudia nyumbani na afya imeharibika, akafa mu 1816. Andersen alikuwa na miaka 11. Kisha miaka mbili mama aliolewa tena.

Safari ya Copenhagen

Mu mwezi wa kenda 1819, Andersen akiwa na miaka 14, aliomba ruhusa ya kwenda Copenhagen, muji mukubwa wa inchi. Mama alienda kwanza kuuliza mwanamuke mwenye kutabiri. Huyu alisema kijana atakuwa mutu mukubwa, na kwamba siku moja muji wa Odense utawashwa taa kwa ajili yake. Basi mama akakubali.

Copenhagen alitaka kuwa mwimbaji, mucheza ngoma ao muchezaji wa teatro. Yote haikuendelea. Sauti yake ilivunjika, na mwili wake ulikuwa murefu na mwembamba kupita kiasi. Lakini Jonas Collin, mumoja wa wakubwa wa Teatro ya Kifalme, aliona kijana ana zawadi. Alimutafutia feza kwa mufalme ili asome, na mu 1822 akatumwa ku masomo mu muji wa Slagelse.

Pale alikuwa na miaka 17 na aliwekwa pamoja na watoto wadogo. Mukubwa wa masomo, Simon Meisling, alimutukana na kumuchekelea mbele ya wengine, na alimukataza kuandika mashairi. Kisha Andersen aliishi hata mu nyumba ya huyo bwana. Collin alimutoa pale mu 1827. Kwa miaka mingi Andersen aliendelea kumuona Meisling mu ndoto mubaya.

Mama na pombe

Baridi ya muto ilimufundisha mama kunywa pombe kali ili apate joto, na mwishowe pombe ilimushinda. Alikufa Odense mu 1833, akiwa maskini, wakati mutoto wake alikuwa safarini Italia.

Andersen hakumusahau. "Mutoto Mwenye Kuuzisha Viberiti", ya 1845, inahusu musichana anayekufa kwa baridi, mwenye kuogopa kurudia nyumbani bila feza. Mama yake pia, akiwa mutoto, alitumwa kuomba-omba, na kwa sababu hakuweza, alikaa chini ya daraja akilia. Mu 1852 Andersen aliandika hadisi ingine, ya mama mwenye kufula nguo ambaye wakubwa wa muji wanasema hana maana juu anakunywa. Hadisi inaonyesha kwamba mama huyo alijitoa yote kwa ajili ya mutoto wake. Ni kama Andersen alikuwa anajibu watu wa Odense.

Sifa bila nyumba

Kitabu chake cha kwanza cha hadisi za watoto kilitoka mu 1835. Jumla aliandika hadisi zaidi ya 150, na vitabu vingine vingi. Lakini hakuoa. Mu 1830 alimupenda Riborg Voigt, ambaye alikuwa amekwisha kuposwa na mwengine. Alimupenda sana pia Edvard, mutoto wa Collin, lakini Edvard hakuwa na moyo ule kwake na alioa mu 1836. Mwimbaji Jenny Lind wa Sweden alimuchukua tu kama kaka.

Woga haukumuacha. Aliogopa moto, na alikuwa anasafiri na kamba ndani ya vitu vyake ili aweze kushukia kwenye dirisha. Aliogopa kuzikwa akiwa muzima, basi aliacha karatasi karibu na kitanda kusema kwamba hajakufa, analala tu.

Mu mwezi wa kumi na mbili 1867, Odense ilimupa heshima kubwa ya muji na taa zikawashwa, sawa vile mwanamuke yule alisema. Mama hakukuwa tena kwa kuona. Na Andersen mwenyewe alikuwa anateseka na jino usiku ule.

Alikufa tarehe 4 mwezi wa munane 1875, mu nyumba ya marafiki. Kwenye kifua chake walikuta kamufuko ka ngozi. Ndani yake mulikuwa barua ya Riborg, yenye alichunga kwa miaka zaidi ya 40.

Leo tarehe ya kuzaliwa kwake, 2 mwezi wa ine, njo Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto.