Kiganda Katika Muziki wa Kimataifa
Tunapofundisha namna lugha zinavyosafiri, aghalabu tunataja biashara na dini, tukasahau muziki. Mtunzi Justinian Tamusuza, aliyezaliwa Uganda mwaka 1951, alisoma Belfast, Ayalandi ya Kaskazini, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mwaka 1992 Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi, lilitoa albamu ya Pieces of Africa yenye Ekitundu Ekisooka, yaani Sehemu ya Kwanza ya utunzi wake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, Katika Njia ya Msalaba. Hakulazimika basi kuacha Kiganda nyumbani ili asikilizwe ugenini. Nasi katika omusaalaba tunalitambua neno letu: Kiganda kiliposafiri, Kiswahili kilifuatana nacho.