Besiboli: timu ya watoto iliyozuiwa na karatasi

Korea ya Kusini ilianza ligi yake ya besiboli ya kulipwa mwaka 1982, na timu 6. Karibu na sisi, mchezo huo uko Uganda.

Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda, wakapata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani. Walinyimwa visa: tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi zao hazikulingana. Saudi Arabia ikachukua nafasi yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika, timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, wakaifunga timu ya Oregon 3-2.

Wazazi wa Lweba na ndugu mliokimbia vita, mwandikisheni mtoto Etat civil ndani ya siku 90. Mpira unaweza kusubiri, karatasi haisubiri.