Historia ya jina la faili, kutoka Unix hadi Guangzhou

Mji wa Guangzhou, kusini mwa China, umekuwa ukiwapokea wafanyabiashara wa mataifa mbalimbali katika maonyesho ya bidhaa tangu mwaka 1957. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Mombasa aliyeweka folda mbili katika kompyuta yake: ya kwanza ina jina la mji huo kwa herufi za Kichina, na ya pili inaitwa "ngozi ya ng'ombe". Mwanawe, anayeanza kujifunza kutunga programu, anataka kuandika programu fupi itakayouliza jina la folda na kuorodhesha faili zilizomo. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini imebeba historia ya zaidi ya miaka 50.

Amri ya kuorodhesha faili, ls, ilikuwemo katika toleo la kwanza la Unix mwaka 1971, mfumo uliobuniwa katika maabara ya Bell nchini Marekani. Unix huruhusu jina la faili liwe na karibu alama yoyote, isipokuwa mkwaju na baiti ya sifuri. Hata hivyo, programu inayopokea na kutafsiri amri huzipa baadhi ya alama maana ya pekee. Nafasi hutenganisha maneno, nukta-mkato humaliza amri moja na kuanzisha nyingine, na ritifaa hufungua nukuu. Kijana wetu akiunganisha tu neno ls na jibu la mtumiaji, folda ya "ngozi ya ng'ombe" haitaorodheshwa, kwani kompyuta italalamika kwamba nukuu haikufungwa. Na mwenye nia mbaya akiandika nukta-mkato na kufuatisha amri ya kufuta, hati zote za biashara zaweza kupotea.

Herufi za Kichina nazo zilileta mtihani wao. Kiwango cha GB2312 cha mwaka 1980 kiliorodhesha herufi 6,763 za Kichina, kila moja ikihifadhiwa kwa baiti mbili. Kiwango cha GBK cha mwaka 1995 kiliongeza herufi nyingi zaidi, lakini baiti ya pili ya baadhi yake ililingana na ile ya mkwaju wa kinyume. Programu iliyosoma baiti moja moja iliweza kudhani nusu ya herufi kuwa ni alama ya amri. Mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, uliondoa utata huo. Jina la Guangzhou huchukua baiti 4 katika GBK na 6 katika UTF-8, na hakuna hata moja kati ya hizo 6 inayofanana na alama za Kilatini.

Wako watungaji programu waliochagua kukataa kila kisicho herufi ya Kilatini au tarakimu. Njia hiyo hupunguza hatari, lakini huwafukuza mlangoni Guangzhou na ng'ombe kwa pamoja. Iliyo bora ni kutochanganya amri na jibu. Katika lugha ya Python, kwa mfano, os.listdir hupokea jina jinsi lilivyo bila kulipitisha kwa mtafsiri wa amri. Kisha programu ihakikishe kwamba folda ipo na kwamba mtumiaji anaruhusiwa kuiona. La sivyo, imweleze kwa maneno yanayoeleweka. Jina la mtu au la mali yake lipokewe kama jina, kwa lugha yoyote liandikwalo, na lisigeuzwe kamwe kuwa amri.