Pwani Isiyohesabiwa: Ziwa, Mbuga na Watu wa Musoma, Bunda na Butiama

Mtanzania akisikia neno pwani, fikra zake huelekea Bahari ya Hindi: Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Mtwara. Ni wachache wanaokumbuka kwamba taifa letu lina pwani nyingine ya maji baridi, na kwamba upande wake wa mashariki, kuanzia Ghuba ya Speke hadi mpaka wa Kenya, ni Mkoa wa Mara. Wanafunzi wangu wengi huijua Mara kwa mambo mawili tu: kaburi la Mwalimu Nyerere lililoko Butiama na habari za wizi wa ng'ombe Tarime. Historia ya mkoa huu ni pana kuliko hayo. Hoja yangu ni hii: watu wa ukanda huu walijijenga kwa kwenda na kurudi kati ya ziwa na mbuga, na kila utawala uliokuja ulijaribu kuwafunga mahali pamoja. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa migogoro ya ardhi, samaki na maji tunayoishuhudia leo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mkoa mzima una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 30,000. Takriban robo yake ni maji ya Ziwa Victoria, na sehemu nyingine kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mto Mara, uliotoa jina la mkoa, unaanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, unatanuka kuwa eneo kubwa la mafunjo na matete, unapita chini ya Daraja la Kirumi, kisha unaingia ziwani kaskazini mwa mji wa Musoma. Kusini, ukanda wa magharibi wa Serengeti unanyooka hadi karibu kabisa na maji wilayani Bunda. Mji wa Musoma wenyewe umekaa juu ya rasi. Wazee husema jina lake limetokana na neno la Kikwaya, omusoma, lenye maana hiyohiyo.

Jambo linalomshangaza mgeni ni ukame. Miinuko ya Tarime hupata mvua nyingi, lakini Majita, Bunda na sehemu za Butiama hupata mvua chache isiyotabirika. Mkulima anaweza kuyaona maji hadi upeo wa macho huku mtama wake ukikauka. Kwa sababu hiyo wenyeji hawakuweka tegemeo lao lote mahali pamoja. Walilima mtama na ulezi, na baadaye mihogo. Walifuga, walivua, waliwinda. Mwaka ambao mvua iligoma, ndugu wa ziwani walimlisha ndugu wa bara, na mwaka mwingine ikawa kinyume chake.

Watu nao walitoka pande nyingi. Kijita na Kikwaya vina ukaribu na Kikerewe cha visiwani na Kihaya cha ng'ambo ya magharibi: ushahidi kwamba ziwa lilikuwa njia, wala halikuwa ukuta. Wajaluo walishuka kutoka kaskazini wakifuata ufuko. Waikizu wa Bunda husimulia kwamba utemi wao wa mvua ulianzishwa na mwanamke, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, akakutana na mwindaji aitwaye Isamongo. Tusibishane hapa kama watu hao wawili waliishi kweli. La maana ni kwamba jamii nzima ilichagua kukieleza chanzo chake kwa mgeni aliyepokelewa.

Miongo ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa ya msiba: ukame, ndui, uvamizi wa kuteka mifugo, na sotoka iliyofagia ng'ombe miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne iliyofuata yakaja malale. Watu walikimbia, ardhi iliyoachwa ikageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Wageni waliofika baadaye waliikuta nchi imepungukiwa na watu wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa. Dhana hiyo ya nyika isiyo na wenyewe ilifungua njia ya kutenga maeneo ya wanyama, na Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951.

Wakati huohuo mistari ilikuwa imekwisha kuchorwa Ulaya. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalivuta mpaka kutoka baharini hadi ziwani, na ya mwaka 1890 yakauendeleza juu ya maji kwa kufuata nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Wakuria na Wajaluo wakajikuta katika himaya mbili. Lakini biashara haikuutii mstari huo: reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, bandari ya Musoma ilikuwa karibu zaidi na reli hiyo kuliko na Dar es Salaam.

Wajerumani, kisha Waingereza, walihitaji watu wa kukusanya kodi. Jamii nyingi za hapa ziliongozwa na wazee, marika na waganga wa mvua, hazikuwa na mtawala mmoja. Wakoloni wakaweka watemi. Mmoja wao alikuwa Nyerere Burito wa Wazanaki, na mwanawe Kambarage, aliyezaliwa mwaka 1922, akapelekwa mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge, Musoma. Mtoto wa kabila dogo, katika mkoa wenye makabila mengi ambayo hakuna hata moja linaloweza kuyameza mengine: sioni ajabu kwamba aliona mapema umuhimu wa lugha moja na taifa moja.

Lakini heshima kwa Mwalimu isitufunge macho. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwafikia hata ndugu zake. Kaya zilizozoea kukaa kwa kutawanyika, karibu na mashamba na malisho yao, zilihamishiwa kwenye vijiji vya kupangwa. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo ni jema. Ila ule utaratibu wa kale wa kuwa na mguu mmoja ziwani na mwingine bara ulivunjwa zaidi.

Leo tazama hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Mara watu 1,743,830. Ya mwaka 2022 ikakuta 2,372,015. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka 10. Kasi hiyo inafanana na ya taifa zima, lakini ardhi ya hapa haina pa kutanukia: upande mmoja maji, upande mwingine hifadhi. Ziwani, sangara aliyepandikizwa katikati ya karne iliyopita aliwamaliza furu wengi na kuleta viwanda na fedha za kigeni, kisha naye akaanza kupungua. Vijana wanaokosa shamba hukimbilia mialoni, na mialo nayo imejaa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko lilivyopanda mwaka 1964 likazimeza nyumba na bustani. Wilayani Bunda, serikali iliamua kuwahamisha kwa fidia wakazi wa kata ya Nyatwali ili wanyama wa Serengeti wafike ziwani. Sipingi haja ya nyumbu kunywa maji. Nauliza tu: katika mizani hii, haja ya mkulima na mvuvi kufika ziwani imepimwa na nani? Fidia hulipa nyumba na miti. Hailipi ile njia ya kutoka shambani kwenda majini iliyoziokoa familia wakati wa njaa.

Kuna dalili njema. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaopandisha maji ya ziwa hadi kijijini kwa Mwalimu, umefuata mantiki ya wenyeji wenyewe: kuliunganisha ziwa na bara. Watumishi wa halmashauri 9 za mkoa huu wangefanya vema kupanga kwa mantiki hiyo. Mpango wa ardhi wa Butiama usiandaliwe bila Musoma Vijijini, wala wa Bunda bila kusikiliza watu wa mialoni. Mipaka ya halmashauri ni ya juzi. Butiama imekuwa wilaya mwaka 2012 tu. Uhusiano wa mvuvi na mkulima ni mkongwe kuliko mihuri yetu yote, na sera itakayoukata itakuwa inawaandalia njaa wajukuu wa watu hawa.