Kobe Waliozaliwa Sokoni

Umewahi kusikia mnyama mwenye jina, mwenye picha, mwenye gamba lililopimwa hadi milimita, lakini hana mto wala bwawa? Wapo. Kati ya mwaka 1991 na 1997 wataalamu walitangaza kobe wapya kadhaa wa China. Kila mmoja alipewa jina la Kilatini, akaandikwa kwenye majarida ya sayansi, akaingia kwenye orodha za kobe wa dunia. Kumbe wengi wao hawakuwa spishi kabisa. Hebu tuone ilikuwaje, maana humo mna jambo linalomhusu yeyote anayeshika kalamu na kukipa kitu jina.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiswahili ni lugha iliyokulia pwani, hivyo anayeogelea baharini tunamwita kasa, na anayejikokota nchi kavu tunamwita kobe. Huyu wa katikati, anayeishi mitoni, madimbwini na kwenye majaruba ya mpunga, hatuna neno lake moja linalokubalika kila mahali. Hapa nitamwita kobe wa maji baridi, na nikichoka nitasema kobe tu. Asia imejaliwa hawa jamaa kwelikweli. Familia moja peke yake, ile ambayo wataalamu huiita Geoemydidae, ina spishi zaidi ya 60, na nyingi kati ya hizo ni za Asia.

Ndani ya familia hiyo kuna jenasi inayoitwa Cuora. Kobe wa Cuora ana ufundi wake: gamba la tumboni lina kama bawaba, akiogopa anaingiza kichwa na miguu, anajifunga kama kasha. Adui atazungusha, atauma, atachoka. Ila dhidi ya mtu mwenye gunia kinga hiyo haifai kitu. Tena kobe hawa hutaga mayai machache na huchukua miaka mingi kukomaa, kwa hiyo ukiwazoa wakubwa kwenye kijito, usitegemee kijito hicho kujaa tena mwakani.

Sasa turudi nyuma. Kabla ya mwaka 1842, wafanyabiashara wa Ulaya waliokuwa Guangzhou, mji ambao wao waliuita Canton, hawakuruhusiwa kuzurura ndani ya China. Walibanwa kwenye kitongoji kidogo karibu na bandari. Mmoja wao alikuwa John Reeves, mkaguzi wa chai wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, aliyefika huko mwaka 1812. Kazi yake ilikuwa chai, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea, samaki na wanyama. Kwa kuwa njia ya kwenda bara ilifungwa, macho yake yalikuwa bustani na masoko ya mji. Vitu alivyokusanya vilipanda meli kwenda London. Huko, mwaka 1831, John Edward Gray wa Makumbusho ya Uingereza akampa kobe mmoja jina la reevesii, kwa heshima ya yule mkaguzi wa chai. Kobe huyo mpaka leo anajulikana kama Mauremys reevesii. Aliyempa jina alikuwa mezani kwake London.

Hapo ndipo tabia ilipoanzia. Kumtangaza mnyama mpya kuna utaratibu wake: unachukua kielelezo, unakieleza kwa maandishi, unakihifadhi makumbusho ili wengine waje wakihakiki, unachapisha jina. Halafu kuna kikaratasi kinachofungwa kwenye kielelezo, kinasema mnyama alitoka wapi. Kikaratasi hicho ni kidogo, lakini bila hicho huwezi kujua anaishi na nani, anakula nini, wala mpaka wake na jirani yake uko wapi. Mtu akiokota kobe mwenyewe mtoni, anakijaza kwa alichokiona. Akimnunua, anajaza alichoambiwa na muuzaji.

Wapo waliokwenda wenyewe. Miaka ya 1920 Mmarekani Clifford Pope alizunguka sehemu mbalimbali za China, kikiwemo kisiwa cha Hainan, akikusanya vyura, nyoka na kobe kwa ajili ya makumbusho ya New York. Mwaka 1935 akatoa kitabu kikubwa juu ya wanyama watambaao wa China. Lakini baada ya 1949 mtafiti wa kigeni hakuweza tena kuingia China kirahisi. Milango ilipoanza kufunguka, wafanyabiashara walikuwa wameshatangulia. Miaka ya 1980 na 1990 kobe walimiminika kwenye masoko ya kusini mwa China na Hong Kong, wengine wakitoka Vietnam, Laos, Myanmar na mbali zaidi. Wengi waliishia chunguni. Wachache wenye sura ngeni walipelekwa kwa wateja wa ng'ambo waliokuwa tayari kutoa fedha nzuri.

Miongoni mwa wateja hao alikuwemo William McCord, daktari wa mifugo wa New York na mpenzi mkubwa wa kobe. Alishirikiana na John Iverson, mtaalamu anayeheshimika sana, ambaye mwaka 1992 alichapisha orodha ya kobe wote wa dunia pamoja na ramani za makao yao. Vielelezo vilikuja kwa njia ya biashara, vikiwa na maelezo ya muuzaji: huyu wa Hainan, huyu wa Fujian. Majina yakafuatana. Mwaka 1991 Mauremys iversoni. Mwaka 1992 Ocadia philippeni na Sacalia pseudocellata. Mwaka 1994 Ocadia glyphistoma. Mwaka 1997 Mauremys pritchardi.

Wengine wakaanza kujiuliza. Iweje nchi iliyochunguzwa tangu enzi za Pope itoe kobe wapya mfululizo namna hiyo, na wote wapitie dukani? Jibu lilikuja kwa vinasaba. Kuna sehemu ya DNA ambayo kila mnyama huirithi kwa mama peke yake, na kuna sehemu nyingine anayoirithi kwa wazazi wote wawili. Ukizisoma zote mbili pamoja, chotara hana pa kujificha: ya kwanza inakutajia mama, ya pili inakuonyesha na baba aliyekuwa pembeni. Mwaka 2001 James Parham na wenzake walionyesha kwamba iversoni ni chotara. Walilinganisha na vielelezo ambavyo mahali vilipotoka palijulikana kwa hakika, yaani vile vikaratasi vidogo vikafanya kazi. Mwaka 2007 Bryan Stuart na Parham wakaonyesha hivyo hivyo kwa philippeni, glyphistoma na pseudocellata. Pritchardi naye alishabainika kuwa chotara.

Ukiwatazama wazazi, utashika kichwa. Iversoni, philippeni na pseudocellata, wote watatu wana mzazi mmoja wa aina ile ile: Cuora trifasciata, kobe mwenye mistari mitatu myeusi mgongoni. Huyu ndiye aliyekuwa ghali kupita wote. Kusini mwa China watu huchemsha gamba la kobe pamoja na mitishamba kutengeneza jeli nyeusi inayosemekana kusafisha mwili, na huyu wa mistari mitatu aliaminiwa hata kutibu saratani. Bei yake ilifika maelfu ya dola kwa kobe mmoja. Kwa bei hiyo, watu wakamfuga. Kobe wa aina mbalimbali wakiwekwa bwawa moja hupandana, na katika familia hii hata wa jenasi tofauti wanaweza kuzaa. Kifaranga anatoka na sura ambayo haijawahi kuonekana kitabuni. Mfanyabiashara anaona mali mpya, mtaalamu anaona spishi mpya.

Tusiwacheke wataalamu hao. Walifuata njia iliyokuwepo tangu siku za Reeves, na vielelezo vyao waliviweka wazi, ndiyo maana wenzao waliweza kuvihakiki. Wala si kweli kwamba kila chotara ni kazi ya mfugaji. Cuora serrata, aliyetangazwa mwaka 1992 na baadaye kugundulika kuwa chotara, alikuja kukutwa porini Hainan. Maumbile nayo huchanganya. Tena si kila kobe wa sokoni alikuwa chotara. Cuora mccordi alitangazwa mwaka 1988 kutokana na biashara ya Hong Kong, na mwaka 2008 ndipo ilipochapishwa taarifa kwamba amepatikana porini, mkoani Guangxi. Huyo ni spishi kamili, mwenye kwao.

Hapo ndipo jambo linapouma. Kwa miaka yote hiyo kobe wa kweli na kobe wa kubuniwa walikaa kwenye orodha moja, wote wakiitwa adimu. Fedha za kuhifadhi wanyama hazitoshi popote duniani, na siku za mtafiti zinahesabika. Ukimtuma kumtafuta chotara ambaye nyumbani kwake ni bwawa la mfugaji, umemnyima siku hizo yule anayekwisha kweli.

Ufilipino nako kulikuwa na kisa chake. Mwaka 1920 Edward Taylor alimtangaza kobe wa msituni na kumwita leytensis, kwa sababu vielelezo vilisemekana vimetoka kisiwa cha Leyte, mashariki mwa nchi. Miaka ikapita, Leyte ikawa kimya. Mwaka 2001 watafiti wa Kifilipino walimkuta kobe huyo kisiwa cha Palawan, upande wa magharibi kabisa, ambako wenyeji walimjua siku zote. Jina linasema Leyte mpaka leo, maana kanuni za sayansi hazibadilishi jina kwa sababu tu limedanganya.

Habari njema? Subiri kwanza. Taarifa ya Palawan ilichapishwa mwaka 2004, na wapenzi wa kobe adimu nao wanajua kusoma. Biashara ikapamba moto. Mwezi Juni 2015 polisi waliingia ghala moja kusini mwa Palawan wakakuta zaidi ya kobe 3,800 wa aina hiyo, wamerundikwa, wengi hoi. Hivi ndivyo anwani sahihi inavyoweza kuua.

Kisiwa cha Roti, Indonesia, ni shahidi mwingine. Mwaka 1994 Anders Rhodin alionyesha kwamba kobe wa shingo ndefu wa kisiwa hicho kidogo ni spishi ya pekee, akampa jina Chelodina mccordi, kwa heshima ya yule yule daktari wa mifugo. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa kama ndugu zake wa New Guinea. Alipopata jina lake mwenyewe, bei ikapanda, wakamkamata hadi porini akakaribia kuisha. Mwaka 2006 Rhodin, Stuart na wenzao waliandika barua katika jarida la Science wakionya kwamba kumtangaza mnyama kunaweza kumhatarisha. Siku hizi wapo watafiti wanaochapisha jina na kuficha kijito. Kikaratasi kipo, lakini kimefungiwa kabatini.

Serikali nazo zilifika mezani, na meza yenyewe ilikuwa hapa kwetu. Aprili 2000, Gigiri, Nairobi, nchi wanachama wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini ziliiweka jenasi nzima ya Cuora katika Orodha ya Pili. Maana yake, kumsafirisha yeyote kati yao kwenda nchi nyingine kunahitaji kibali. Angalia neno hilo, jenasi nzima. Afisa wa forodha aliyesimama mbele ya kreti la kobe hakulazimika tena kujua kama huyu ni mccordi au nani, wala kungoja wataalamu wamalize ubishi wao wa Kilatini. Akiona gamba lenye bawaba lililojifunga, anauliza kibali kiko wapi.

Amebaki mmoja ambaye nimemweka mwisho makusudi. Mwaka 1990 wataalamu wa Kichina walimtangaza Cuora zhoui, kobe mweusi aliyenunuliwa kwenye masoko ya Guangxi. Huyu si chotara, vinasaba vyake vimechunguzwa. Zaidi ya miaka 30 imepita, na hakuna mtaalamu aliyetangaza kumkuta porini. Wachuuzi waliowanunua kwa walioshika nyavu hawakuandika kitu, na walioshika nyavu hakuna aliyewauliza. Wachache walionusurika chungu walifugwa, na mji wa Münster, Ujerumani, umetotolesha vifaranga vyao kwa miaka mingi. Wanakula, wanakua, wanataga. Lengo la kuwazalisha ni kwamba siku moja warudishwe kwao. Vifaranga wapo, fedha za safari zinaweza kupatikana. Anayehitajika ni mzee mmoja wa Guangxi au Vietnam, kama bado yu hai, anayekumbuka kwamba wakati fulani alimtoa kobe mweusi kwenye kijito fulani akampeleka sokoni. Huyo peke yake ndiye anayeweza kumalizia sentensi ambayo vitabu viliianza mwaka 1990.